Saa ya Bibi na Mwangwi wa Shimo Jeusi

Marrakesh, 9 Januari

Kwa Mjomba Haddou,

Nabusu mkono wako, na kichwa cha bibi, na mashavu yote mawili ya mama. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeingia hadi kwenye mifupa na mwenye nyumba anasema hita itatengenezwa kesho, kesho ile ile ya tangu Novemba. Zeituni zilifika. Samli nayo ilifika nusu, na dereva wako Bouazza anadai kwamba mtungi ulifunguka wenyewe karibu na Beni Mellal. Mwambie samli haijawahi kujifungulia kifuniko tangu dunia iumbwe.

Sasa habari yenyewe. Mwezi wa Mei kutakuwa na mkutano wa kimataifa hapa Marrakesh juu ya mashimo meusi makuu, yale yanayokaa katikati ya galaksi. Wataalamu watatoka Japani, Chile, Ujerumani, kila upande. Nami nimepewa nafasi ya kuzungumza. Si kubandika bango ukutani, Mjomba, ni kusimama mbele ya ukumbi mzima asubuhi ya siku ya kwanza. Profesa Lamrani, msimamizi wangu, alinipa habari hiyo huku anatabasamu, na mimi sikuwahi kuyaona meno yake tangu nianze masomo ya udaktari.

Nitazungumzia mwangwi wa mwanga. Shimo lenyewe halionekani, ila gesi inayolizunguka huwaka. Ikilipuka, setelaiti huona mwako wa kwanza, na saa moja baadaye darubini yetu ya mlimani huona mwako wa pili, pale gesi ya mbali inapoangazwa na ya karibu. Ile saa moja ndiyo inayotuambia ukubwa wa kinachozunguka shimo. Ajabu ni kwamba mwangwi huo ulikuja mwaka juzi majira ya kuchipua, ukakaa kama mwezi, ukapotea. Mwaka jana ukarudi, mapema kidogo, ukapotea tena. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Profesa anasema mhadhara ukienda vizuri, nafasi ya kazi chuoni ni yangu.

Muulize mama kama ananiombea. Najua ananiombea, lakini muulize.

Mpwa wako,
Itto


Khenifra, 21 Januari

Kwa Itto, binti wa dada yangu,

Salamu hizi zikukute karibu na moto, na kama moto hakuna, mkumbushe huyo mwenye nyumba kwamba una mjomba. Sisi hatujambo. Theluji ilifunga njia ya Azrou, kwa hiyo kituo cha mabasi kiligeuka baraza la watu wasio na la kufanya. Bibi yako anakula vizuri na anagombana vizuri. Masikio yangu ni yale yale. Daktari anasema honi za mabasi zimekula la kulia, na kelele zangu mwenyewe za kuita abiria zimekula la kushoto. Ndiyo maana nazipenda barua zako. Simu ikilia mimi huona tu watu wananitazama.

Barua yako niliisoma pale kwenye dirisha la tiketi, nikairudia kwa sauti, na sauti yangu unaijua. Kabla ya adhuhuri abiria wote wa Meknes walijua kwamba Itto wa dada yangu Tuda amekamata mwangwi wa shimo. Muuza kahawa akaniuliza, "Hilo shimo lina kina gani?" Nikamwambia, "Kina cha kukumeza wewe na hiyo kahawa yako inayonuka kwato." Alicheka, nami nikacheka, lakini nilipofika nyumbani niligundua kwamba hata mimi sijui. Kuuliza si ujinga, basi nakuuliza. Shimo jeusi, na usiku ni mweusi, mnalionaje? Na nani alilichimba? Bibi yako anasema shimo lisilo na mchimbaji huwa ni kaburi au kisima, na vyote viwili havichezewi.

Halafu lipo hili la mkutano. Watu wanatoka Japani. Nani anachinja? Usiniambie watapewa biskuti. Mama yako naye hana shida na biskuti, anauliza jambo moja tu na amelirudia mara nyingi hadi nimeamua kuliandika: siku hiyo ukisimama mbele ya wageni wote hao, upande wako atakaa nani?

Anakuombea. Amekasirika kwamba umeuliza.

Mjomba wako,
Haddou


Marrakesh, 10 Februari

Kwa Mjomba,

Nawasalimu nyote. Barua yako imenifikia jana tu, imekunjwa ndani ya kiatu cha Bouazza, na sikumuuliza kwa nini. Hita imetengenezwa, ikaharibika tena.

Hakuna anayechinja. Mgeni hulipia chakula chake kabla hajapanda ndege, ila usiku wa mwisho kutakuwa na chakula cha pamoja na kikundi cha ngoma za ahidus, eti wageni waone utamaduni. Shimo halikuchimbwa na mtu. Ni nyota iliyojiangukia ndani, au nyota nyingi mno, na kwa kweli hata sisi hatujui makubwa haya yalianzaje. Hatulioni, tunaona jinsi vilivyo kando yake vinavyohangaika. Mwambie bibi kwamba kwa hilo anaweza kuita kaburi na sitambishia.

Na mwambie mama kwamba upande wangu hatakaa mtu. Katika mikutano hii kila mmoja huja peke yake na kompyuta yake. Ndivyo ilivyo.

Tafadhali usiitangaze habari hii kituo kizima. Bado kuna kitu kinanikanganya. Kitu kinachozunguka shimo kubwa namna ile hakiwezi kutanuka kwa mwezi mmoja kisha kikasinyaa, halafu mwakani kikarudia. Nimejaribu maelezo matano, na kila moja hunifurahisha asubuhi na kunichosha jioni. Profesa anasema nisiwe na haraka, kwamba kisichoeleweka ndicho kinachojaza ukumbi.

Wako,
Itto


Khenifra, 4 Machi

Kwa Itto,

Ramadhani njema. Tumefunga salama, supu ya harira ya mama yako ina dengu nyingi kupita kiasi kama kawaida, na bibi yako amekatazwa kufunga na daktari, kwa hiyo anafunga kwa siri na sisi tunajifanya hatuoni.

Lakini sikia yaliyonipata. Unajua vurugu ya saa yetu, nchi nzima iko saa moja mbele mwaka mzima, kisha inarudi nyuma kwa ajili ya mfungo. Bibi yako hajawahi kuigusa saa yake ya ukutani, mwaka mzima iko kwenye saa ya zamani, na kila Ramadhani anasema serikali imekuja kumwomba radhi. Hapa kituoni tuna mashine mpya ya tiketi iliyotoka ugenini, ina kioo chenye saa kubwa. Mimi niliyezoea kuona kila kitu kinarudi nyuma Ramadhani, nikachukulia kwamba na mashine imerudi. Haikurudi. Hakuna aliyeiambia. Nikaita basi la Fez kwa saa ya mashine, dereva akaondoka na mbuzi wawili na askari mmoja, na wenye tiketi walipofika kwa wakati wao wakakuta moshi. Mama mmoja kutoka Mrirt akanisimamia dirishani: "Haddou, hii mashine yenu haifungi?" Kituo kizima kikacheka. Hadi leo wananipokea hivyo. "Haddou, umemlisha daku huyo mtoto wako?"

Nimekuandikia ili nawe ucheke. Tende ziko chini ya mkate, mwangalie Bouazza mikono.

Mjomba wako,
Haddou


Marrakesh, 15 Machi

Mjomba,

Nawasalimu. Sina habari nyingi.

Lile la mashine ya tiketi: una hakika ilibaki mbele kwa saa moja kamili tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeigusa? Usinicheke, na usiniulize kwa nini nauliza. Kesho napanda mlimani kwenye darubini. Tafadhali kwa sasa usimsomee mtu barua zangu.

Tende zilifika.

Itto


Khenifra, 28 Machi

Kwa Itto,

Barua yako ilikuwa fupi kuliko tiketi ya Mrirt. Nimeigeuza nyuma nikidhani imeendelea huko. Ndiyo, saa moja kamili, na hakuna aliyeigusa mpaka fundi alipokuja. Sasa mimi nimejibu, wewe hujajibu.

Nyumba imegawanyika. Mama yako anasema kuna mwanamume. Bibi anasema una njaa. Mimi nasema mtu anayeuliza habari za mashine ya tiketi katikati ya mfungo, ama anaumwa ama anataka kuolewa na fundi. Ukiwa unaumwa, sema. Ikiwa ni fundi, tutamtazama kwanza.

Idi ikifika utakuja? Kama huji, nijue mapema ili nimtulize mama yako. Mimi nina shughuli ndogo na mwenye basi mmoja hapa, na wewe usiniulize kwa nini. Unaona ilivyo kuandikiwa hivyo?

Mjomba wako asiyeelewa kitu,
Haddou


Marrakesh, 22 Aprili

Kwa Mjomba Haddou,

Nabusu mkono wako, nabusu na wa mama. Nisameheni kwa Idi. Sikuwa mgonjwa, wala hakuna fundi. Nilikuwa naogopa kukaa nanyi kwenye sinia moja nikiulizwa habari za shimo.

Hakuna mwangwi, Mjomba. Haukuwahi kuwapo.

Kompyuta ya mlimani imetengenezwa ugenini kama mashine yako ya tiketi, na inakaa kwenye saa mpya, ile ya mbele, mwaka mzima. Mimi ndiye niliyeandika programu ya kusoma nyakati zake. Na kwa kuwa nimelelewa katika nyumba ile, niliifundisha programu yangu kwamba Ramadhani saa hurudi nyuma. Programu ikafunga, mashine haikufunga. Kila mwako tulioupiga picha mwezi ule nikauandika kwamba umechelewa kwa saa moja, wakati ulifika pamoja na ule wa setelaiti. Ndiyo maana mwangwi ulikaa mwezi mmoja. Ndiyo maana mwaka jana ulirudi mapema, maana mfungo nao ulirudi mapema. Miaka miwili nimetazama kalenda ya Ramadhani nikaiita siri ya galaksi. Mjerumani asingekosea hivi. Angeandika saa anayoiona na kwenda kula.

Niliposoma barua yako ya yule mama wa Mrirt nilicheka, halafu nikaweka mkate chini. Nilipopanda mlimani nilikuwa bado naomba nisikute nilichokikuta.

Nilimweleza Profesa. Aliinuka akafunga mlango. "Sema ni matokeo ya awali," akaniambia. "Onyesha mchoro, washukuru, teremka. Tutasahihisha taratibu baada ya mkutano. Nafasi ya kazi inaamuliwa Juni, Itto. Fikiria." Si mtu mbaya. Jina lake liko pamoja na langu kwenye andiko tulilochapisha juu ya mwangwi, na ana watu wake wa juu wanaomsubiri aanguke. Hakusema niseme uongo. Amesema ninyamaze kwa adabu, na mimi hadi sasa sijui tofauti yake ni nini. Asubuhi naamka nikiwa nimeamua kusema, jioni nalala nikiwa nimeamua kunyamaza.

Katika simu yangu nina picha ya saa ya bibi, niliipiga Idi ya mwaka jana. Nikiamua kusema ukweli nitaanza na picha hiyo ukutani. Unajua saa anayoishikilia bibi ndiyo saa ile ile wanayoitumia wataalamu wa nyota dunia nzima? Nimekua chini yake nisiitazame. Nikinyamaza, itabaki humo humo kwenye simu.

La mwisho. Bouazza anasema umekodi basi zima kwa siku ya mkutano. Mjomba, msije. Nakuomba. Nitakuwa nimesimama pale nikisema kwamba sikupata kitu, au nikificha kwamba sikupata kitu, na sitaki mama aone lolote kati ya hayo mawili.

Nampa Bouazza barua hii mkononi, na nimemwapisha aifikishe bila kuifungua.

Itto


Marrakesh, 8 Mei

Mjomba,

Salamu kwa wote. Sijapata jibu la barua yangu ya Aprili, na Bouazza akiniona anageuza uso. Sasa namtumia huyu dereva mpya, sijui hata jina lake. Nijibu neno moja tu: iliwafikia? Mkutano unaanza Jumatatu. Mnakuja au hamji?

Itto


Marrakesh, 20 Mei

Kwa Mjomba Haddou,

Nabusu mkono wako. Natumaini mlifika salama, na kwamba miguu ya mama haikuvimba kwa safari. Mkate mlioniachia nimeugawa, mwingine wameula wageni kutoka Chile.

Sijui nianzie wapi. Nianze na mlinzi, kwa sababu baadaye alinitafuta kunieleza. Aliwaona mkishuka kwenye basi, wanaume na majoho meupe, wajomba wawili na matari, wanawake na mikufu yao ya kaharabu, akatazama karatasi yake. "Nyinyi ngoma si mpaka Ijumaa usiku?" akakuuliza. Anasema ulimtazama mdomo kwa muda, kisha ukamwambia, "Sisi huwa tunawahi." Akawafungulia mlango. Sijui kama ulielewa alichokuuliza au hukuelewa, na nimeshindwa kuamua lipi ni baya zaidi.

Niliwaona nikiwa tayari jukwaani. Safu mbili nzima za nyuma, nyeupe tupu, na mama katikati. Nilijua pale pale kwamba barua haikufika na kwamba mmekuja kusherehekea kitu kisichokuwapo. Nilikuwa na picha mbili zimefunguliwa kwenye kompyuta, mchoro wa mwangwi na saa ya bibi. Profesa alikuwa safu ya kwanza, ananitikisia kichwa kidogo kidogo, taratibu, taratibu. Nikafikiri, nikisema ukweli nitawaaibisha hawa waliotoka usiku Khenifra. Nikinyamaza, watarudi nyumbani wakinisifu kwa uongo, na mama atawasimulia majirani mpaka azeeke. Kidole changu kilienda kwenye saa ya bibi. Sijui kwa nini. Sikuwa nimeamua, naapa.

Saa ikatokea ukutani, kubwa kama mlango wa msikiti, na ule ufa wake wa pembeni. Nikafungua mdomo niseme, "Nilikosea." Badala yake nilianza kulia, Mjomba, mbele ya wote. Na hapo hapo, mahali pabaya kuliko pote, huko nyuma mkapasua vigelegele. Wanawake wote kwa pamoja, muda mrefu, mpaka wakalimani wakavua vile vya masikioni. Wageni waligeuka wakatabasamu, wakidhani ndivyo mihadhara inavyofunguliwa kwetu. Mliponyamaza nilikuwa nimeshajifuta uso, na hakuna aliyesikia jinsi nilivyolia. Nikasema yote, programu iliyofunga na mashine isiyofunga. Kisha mwenyekiti, bibi mmoja wa Kijapani anayeitwa Hayashida, akauliza taratibu kwenye kipaza sauti, "Kwa hiyo shimo lako halifungi?" Nikamjibu, "Halifungi, daktari. Linakula mwaka mzima." Ukumbi ukacheka. Sikujua kama wananicheka mimi. Bado sijui. Wakapiga makofi, na nyinyi mkapiga zaidi ya wote, na mimi nikatamani sakafu inimeze kwa sababu nilijua hamjui mnachokipigia.

Halafu wakati wa chai mkawachezea wageni ahidus uani, mjomba Moha akamshika mkono Mjerumani, na nilipopenya hadi kwenu dereva alikuwa ameshawasha basi. Ulinibusu kichwani, ukasema, "Umesimama vizuri," ukanipa mkate. Mama alinishika uso tu.

Sasa mnanisifu huko kwa lipi? Nani amewaambia ukweli? Profesa hajanisalimia tangu siku ile. Nafasi ya kazi haitajwi. Daktari Hayashida ameomba nimtumie hesabu zote zilizosafishwa, anasema hata kujua kwamba hakuna mwangwi ni kujua kitu, lakini Wajapani wana adabu na huenda ni adabu tu. Sielewi nimepoteza au nimepata.

Bouazza anaapa kwa watoto wake kwamba barua ya Aprili alikukabidhi mkononi. Simwamini. Nisamehe kwa aibu niliyowatia, Mjomba, na uniambie nimweleze nini mama.

Itto


Khenifra, 1 Juni

Kwa Itto, binti wa Tuda,

Salamu nyingi. Tulifika salama, ila basi lilipasuka gurudumu Kasba Tadla na Moha akatusimulia habari ya Mjerumani wake mpaka likazibwa. Miguu ya mama yako haijambo. Bibi hakuweza safari, kwa hiyo amesimuliwa yote mara kadhaa na kila akisikia kwamba saa yake imeonyeshwa kwa Wajapani anauliza kama ilifutwa vumbi kwanza.

Sasa nisikilize. Itanichoma kuandika sentensi hii, kwa kuwa sijawahi kuiandika: Bouazza hakusema uongo. Barua yako ya Aprili ilinifikia. Aliniletea siku tatu tu baada ya wewe kumpa, na hakuifungua. Akigeuza uso ni kwa sababu mimi nilimwapisha asikwambie kitu kabla ya mkutano, na kwa kiapo kizito kuliko chako.

Niliisoma nikaenda moja kwa moja kwa mwenye basi kuvunja makubaliano. Nilikuwa nimeshawatangazia watu wote hapa, unanijua, na nikaona nimejivika kanzu ya maji, nimebaki uchi mbele yao. Nilipofika nyumbani nikamsomea mama yako, ingawa ulinikataza. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, "Basi umelivunja?" Nikamwambia ndiyo, Itto amesema tusije, hakuna cha kusherehekea. Akaniambia, "Haddou, kwa harusi mtu hakosi watu, hata mbwa wa jirani huja. Mtoto anakwenda kusema nimekosea mbele ya wageni, ndiyo siku ya kumwacha peke yake?" Nikarudi kwa mwenye basi. Alinicheka sana.

Sikukujibu kwa sababu nilijua nikijibu utatukataza tena, na mama yako hajawahi kukukatalia jambo mara mbili.

Wote walijua, Itto. Niliwasomea ndani ya basi tulipopita Beni Mellal, dereva akazima muziki. Niliwasomea mpaka pale pa picha ya saa. Wengine hawakuelewa habari ya programu, na Moha hadi leo anadhani ni wewe uliyesahau kurudisha saa yako ya mkononi. Lakini neno lako la kukosea, hilo walilielewa, na mashine isiyofunga waliielewa vizuri sana kwa sababu wamenitania nayo miezi mitatu. Mama yako akawageukia wanawake akawaambia, hatujui lugha watakayozungumza, na Haddou hasikii. Basi tutazame ukutani. Ikitokea saa ya bibi yake, huyu mtoto ameamua kusema kweli.

Unakumbuka anavyotolewa bibi harusi kwetu? Akivuka kizingiti cha baba yake huwa analia, na wanawake hupiga vigelegele wakati ule ule ili wageni wasisikie kilio chake. Hawapigi kwa sababu ana furaha. Wewe umehudhuria harusi ngapi na hukuwahi kujua hilo? Unasema walipiga mahali pabaya kuliko pote. Walipiga mahali walipokuja kupigia.

Kuhusu kazi sijui, na kuhusu huyo Profesa nitanyamaza, lakini si kwa adabu. Pale dirishani nimewaeleza watu wote kwamba mwangwi haupo na kwa nini haupo. Muuza kahawa akafikiri sana, akasema, "Kwa hiyo mashine ya mlimani na ya kwetu ni ndugu?" Sasa nikimwona nasema tu, "Ndugu, baba mmoja." Mtumie yule bibi wa Kijapani hesabu zake. Akikujibu, niandikie alivyosema, ila neno kwa neno, usinipe muhtasari.

Nafunga barua hapa. Bouazza anapiga honi na mimi nimeisikia, kwa hiyo atakuwa ameegesha juu ya mguu wangu. Mzigoni mna samli, na safari hii nimekifunga kifuniko kwa waya.

Mjomba wako,
Haddou